Viti Sita vya Bibi Elva

Noelene Bramich alikuwa amekataa viti vya nusu ya kisiwa cha Tasmania kabla ya kuvipata vile sita. Alivikataa kama mama anayekataa wachumba wa binti yake. Hiki miguu yake imenyooka mno. Kile mgongo wake umebadilishwa. Kile kingine kimepakwa rangi ya kopo na mtu asiyemcha Mungu. Tangu Krismasi ilipopita, kila Jumamosi alimpandisha mumewe kwenye pikapu, wakazunguka maduka ya vitu vya kale kuanzia Launceston kushuka kusini, yeye akitangulia na Rex akimfuata na tepu ya kupimia kama karani wa mazishi.

Alitaka viti vya mezani visivyo na mikono, vya zamani, sita vya uzao mmoja. Si kwamba nyumba yake haikuwa na viti. Jikoni kulikuwa na viti vya bomba na plastiki, na yeye na Rex walikuwa wamevikalia kwa miaka kumi na moja wakala, wakashiba, wakagombana na kupatana. Lakini Noelene hakuweza kufikiria makalio ya Glenys Peart juu ya plastiki.

Glenys alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu dogo la Kempley, na ndiye aliyeamua kila mwaka mchungaji na wazee wa kanisa watakula wapi baada ya ibada ya Mavuno. Kwa miaka yote hiyo Noelene alipeleka bakuli lake la saladi kwenye nyumba za wenzake, akaosha vyombo vya wenzake, akarudi kwake akiwa bado anaitwa "yule wa Adelaide", mji alikozaliwa ng'ambo ya bahari. Mwaka huu Glenys alimwambia mlangoni mwa kanisa, kama mtu anayegawa koti kuukuu, "Haya basi, safari hii tuje kwako." Noelene alifika nyumbani akapiga magoti akashukuru. Chakula kile kikienda vizuri, angekuwa mtu wa Kempley. Kikienda vibaya, angebaki wa Adelaide mpaka siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo wangeuliza kama maiti haisafirishwi kwao.

Kwa hiyo alijifunza viti. Alisoma, akauliza, akajua kupindua kiti miguu juu na kupitisha ukucha kwenye maungio. Alijua gundi ya zamani inavyonuka na ya juzi inavyong'aa. Ujuzi huo haukumfanya mnyenyekevu. Katika duka moja la Launceston mzee mwenye duka alimwonyesha viti vinne vizuri, vyepesi, vya wakati vita kuu vilipokwisha.

"Hivyo vya juzi," Noelene alisema. "Mama yangu alikuwa na vya namna hiyo."

"Basi mama yako alikuwa na jicho."

"Mama yangu alikuwa maskini."

Mzee akamgeukia Rex amuulize yeye anapenda vipi, maana naye atavikalia. Noelene alijibu kabla mumewe hajafungua mdomo, kwa sauti ya kuwatosha wateja wote, kwamba huyu wake hata gogo analiona sofa. Watu wakacheka. Rex naye akacheka, tena kwa muda mrefu kuliko wenzake.

Rex Bramich alikuwa mzaliwa wa Kempley, fundi wa pampu na nyaya za uzio. Alipendwa na kila mtu. Hakuwa na adui kwa sababu hakuwahi kusimama upande wa mtu yeyote, na kwetu sisi hiyo huitwa tabia njema.

* * *

Mwezi wa tatu, mzee Athol Cawthorn akafa. Shamba na kila kilichomo vikaenda kwa mwanawe wa mke wa kwanza, anayeishi Queensland, naye akatuma ujumbe kwamba viuzwe vyote. Mjane, Bibi Elva, ambaye alikuwa mke wa pili, alipata chumba kwenye nyumba za wazee pale mjini, pamoja na kitanda.

Mnada wa shamba kwetu ni sikukuu yenye haya kidogo. Vyombo vya marehemu hupangwa kwa mistari kwenye majani: ndoo za misumari, minyororo, trekta, kisha vitu vya ndani, na hakuna kitu kinachoonekana uchi kama kabati la nguo lililosimama malishoni. Akina mama wa kanisa hukaanga soseji na vitunguu. Dalali, Darcy Maher, hupanda juu ya gari la mizigo na kuwatania watu kwa majina.

Noelene aliviona viti vile kutoka getini. Mwerezi mwekundu, mgongo wa mviringo, miguu ya mbele iliyochongwa kama shingo za chupa, vikalio vyenye singa za farasi ndani. Alikipindua cha kwanza. Chini ya mbao kulikuwa na alama ya patasi ya fundi, mkato mmoja. Kilichofuata, mikato miwili. Alivipindua vyote sita, hakukosa hata kimoja. Vilizaliwa pamoja na havikuwahi kutengana. Akasimama pale kwenye majani akiomba kimyakimya, na Mungu, anayesikia maombi ya kila namna, alilisikia na hilo.

Sasa, kwetu kuna desturi. Haijaandikwa popote na hakuna anayeisema, kwa sababu kila anayestahili kuijua anaijua. Katika mnada wa shamba, mwenye nyumba akitaja bei ya kitu kilichokuwa chake, wengine wote hutia mikono mifukoni. Dalali hugonga nyundo mara moja, kwa bei ya kwanza, na msiba unapita. Mtu aliyekuja kutoka nje anaweza kuishi hapa miaka kumi na moja asiijue, kwa maana watu hawafi kila wiki, na anayenunua ndoo ya misumari haoni kilichotendeka kwenye mstari mwingine.

Darcy alivifikia viti. "Sita, mwerezi, vimekaa ndani ya nyumba ile muda mrefu kuliko panya wake. Tuanzie mia mbili."

Bibi Elva, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na kabati, aliinua fimbo yake.

"Mia mbili kwa Bibi Elva," alisema Darcy, na nyundo ilikwisha kuwa juu. Mikono ya watu wazima wote wa Kempley ilikuwa mifukoni.

"Mia tatu," alisema Noelene.

Hakuna aliyegeuka. Darcy alimtazama, kisha macho yake yakatafuta juu ya vichwa vya watu, yakimtafuta Rex. "Sikusikia vizuri, mama."

"Mia tatu. Au pesa ya Adelaide haitumiki hapa?"

Bibi Elva aliinua fimbo tena. Alisema mia nne, na kwa jinsi alivyoitamka kila mtu alijua kwamba hapo ndipo mfuko ulipoishia. Kila mtu isipokuwa mmoja. Noelene alisema mia sita. Aliisema kwa raha, kama mtu anayefunga dirisha.

"Una hakika, mama?" Darcy aliuliza. Alikuwa ameacha utani wote.

"Nina hakika, na nina haraka."

Rex alikuwa kwenye foleni ya soseji. Aliisikia ile mia tatu ya kwanza. Alijua. Aliijua desturi ile kama anavyojua kuvua kofia kanisani. Kutoka foleni hadi kwa mkewe hakukuwa mbali. Mtu angeweza kwenda na kurudi asipoteze nafasi yake. Glenys Peart alikuwa amesimama mbele yake na koleo la kukaangia, naye amesikia, naye alimtazama Rex moja kwa moja usoni.

"Vitunguu, Rex?"

"Weka," alisema Rex.

Nyundo ikagonga. Kwa kawaida, mtu akinunua kitu kikubwa, wanaume humpakilia hata kabla hajaomba. Ni jambo la fahari. Siku ile wanaume walikuwa wanatazama mbingu, ingawa mbingu haikuwa na kitu. Rex alivipakia viti peke yake, kimoja kimoja, na haradali kwenye kidevu. Watu walimpisha Noelene njia pana sana.

"Umeona walivyonyamaza?" alimwambia mumewe njiani. "Hawakutegemea. Walidhani mtu kama mimi hana jicho."

Rex aliendesha gari. Alikuwa dereva mzuri.

* * *

Noelene alivipaka nta siku nzima, akaviweka mezani, akakaa mbali kwenye mlango akavitazama. Alimwita Rex avitazame. Rex alisema ni viti vizuri, akaenda kuangalia kuku, ambao hawakuwa na tatizo.

Kisha simu zikaanza. Mzee wa kanisa mmoja ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, na alitarajia kwamba atazaa Jumapili ya Mavuno saa ya chakula. Mke wa mwingine goti lilikuwa limekataa. Akina Maher walikuwa na mgeni kutoka Hobart ambaye hapendi kuonana na watu. Wote walikuwa wapole mno. Wote walimtakia baraka. Noelene aliandika kila udhuru moyoni na kujiambia kwamba ni majira tu, mavuno, watu wamechoka. Lakini wiki ileile pampu ya Peart, ambayo Rex alikuwa aitengeneze, ilipona yenyewe, na uzio wa Maher nao ukasimama bila msaada wa fundi. Kempley ilikuwa imejaa miujiza.

Alhamisi Glenys alikuja kurudisha bati la keki ambalo Noelene alikuwa amelisahau kanisani tangu mwaka jana. Alisimama barazani, hakuvuka kizingiti. Noelene, mikono ikinuka nta, alimkaribisha ndani avione viti.

"Nimeshaviona," alisema Glenys. "Nimeviona miaka thelathini."

"Viko vyote sita. Vina alama za fundi."

"Najua viko sita."

"Nimekukosea nini, Glenys?"

Glenys alimwekea bati mikononi kwa uangalifu, kama anayemkabidhi mtoto wa mtu. Angeweza kumweleza kwa sentensi moja. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwalimu wa watoto wa Jumapili, mtu aliyezoea kueleza. Lakini kumweleza Noelene desturi kungekuwa ni kumpa, na Glenys hakuwa amekuja kutoa.

"Muulize Rex," alisema.

Rex alikuwa anakula nyama baridi ya kondoo jikoni, kwenye plastiki. Noelene alimwekea bati mbele yake akauliza. Rex alieleza vibaya, akianzia mbali, na babu yake, na mnada wa mwaka moto ulipochoma mashamba, na jinsi watu walivyomwachia mjane fulani trekta kwa bei ya baiskeli, mpaka mkewe akaelewa akamnyamazisha kwa mkono.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, Noelene."

"Na ulikuwa wapi?"

Alitazama nyama yake. "Kwenye soseji."

"Hukuwa na miguu?"

"Ningekuja kusema nini mbele ya watu wote wale?"

"Hata kunivuta mkono. Watu wangedhani nimekanyaga kinyesi cha ng'ombe, yangeisha."

Rex alisema alidhani hataongeza tena. Kisha akasema alidhani Darcy atagonga. Kisha, kwa kuwa hakubaki na cha kusema, akasema ukweli, kwamba aliogopa; na alipoulizwa aliogopa nani, yeye mkewe au watu, alijibu kwamba hakuwahi kupata nafasi ya kutofautisha.

Noelene hakulia. Alikwenda kupiga magoti kando ya kitanda, akamweleza Mungu habari za mumewe kwa maneno ambayo mtu hapaswi kuyatumia amepiga magoti. Kisha, kwa kuwa alibaki pale chini muda mrefu na Mungu hakumkatiza, alifika na kwenye habari zake mwenyewe: fimbo ya yule mama ilivyoinuka mara ya pili, na ile mia sita, na raha aliyoisikia.

* * *

Kesho yake alivipakia mwenyewe akaenda navyo kwenye nyumba za wazee. Njiani alipanga maneno. Angesema hakujua, na kwamba ni vyake, bure, vyote. Aliona kabisa jinsi Bibi Elva atakavyofuta machozi, na jinsi habari zitakavyomfikia Glenys kabla ya chai. Toba yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imevaa nguo za kutokea.

Bibi Elva alisikiliza mlangoni, mdogo, mkavu, amevaa aproni. Alichungulia gari. Akasema hapana.

"Ni bure, Bibi."

"Nimesikia. Bure ndiyo bei mbaya kuliko zote. Ingia, unapitisha baridi."

Chumba kilikuwa na viti viwili vya plastiki kama vya Noelene. Bibi Elva alimwonyesha kimoja, akakaa kwenye kingine, akamtazama kama anayetazama kuku sokoni.

"Unajua nilivitakia nini?"

"Kumbukumbu," alisema Noelene kwa upole.

"Kuni."

Noelene alidhani hakusikia sawasawa.

"Vilikuwa vya mama yake Athol. Kisha vikawa vya Jean, mke wa kwanza. Miaka thelathini na moja nimevipaka nta kila Ijumaa, na sijaweka tako langu pale hata siku moja. Athol alikuwa anasema, hivyo ni vya marehemu mama na marehemu Jean. Mimi sikuwa marehemu, basi nikala kwenye stuli." Alisema haya bila uchungu wowote, kama anayesoma bei. "Nilikuwa nimejipangia. Nivinunue, niviweke nyuma hapo, niazime shoka kwa bwana wa bustani. Nikae nivitazame. Pesa zangu zote zilikuwa za starehe hiyo, na wewe ukaninyima."

Tumaini likamrukia Noelene mwilini bila hata kunawa uso. Akasema kama ni hivyo, basi Bibi awaambie watu. Neno moja tu kwa Glenys, kwamba hakuvipenda.

Bibi Elva aliinuka akafungua friji. Ilikuwa imejaa mabakuli yaliyofunikwa, moja juu ya jingine, kila moja na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la mwenye bakuli.

"Hili la Glenys. Hili la kondoo, la akina Maher. Hii supu ya mke wa mzee wa kanisa, chumvi imezidi, lakini amekuja nayo mwenyewe na goti lake. Miaka thelathini na moja katika Kempley sijaletewa hata yai. Sasa mimi ni mjane aliyenyang'anywa viti. Nikiwaambia nilitaka kuvichoma, kesho nitapika mwenyewe." Alifunga friji. "Nina miaka themanini na mbili, mwanangu. Sipendi kupika."

Noelene aliomba kwa namna nyingine. Aliomba aje tu. Jumapili, chakula cha Mavuno. Kama yeye akija, wote watakuja. Na aliposema hivyo alisikia aibu, maana ilikuwa wazi kwa wote wawili kwamba hakuwa anamwalika mtu, alikuwa anaazima fimbo.

Bibi Elva alifikiri. "Jumapili huwa hawaleti kitu," alisema. "Nitakuja."

"Na utakaa?"

"Tutaona mgongo wangu unasemaje siku hiyo."

Jioni alimsimulia Rex yote. Alitegemea atashangaa. Rex alisema polepole kwamba mama yake alikuwa akisema hivyohivyo, kwamba ukienda kwa Athol mkewe anakula kwenye stuli pembeni kama mtumishi.

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua wote."

"Na nani alimwambia Athol neno?"

Watu wanaweza kujua jambo maisha yao yote wasiliweke karibu na jambo jingine. Aliketi pale kwenye kiti cha bomba, fundi wa pampu, mtu asiye na adui, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeonja chakula akatambua nini kimetiwa ndani.

* * *

Habari kwamba Bibi Elva atakuja ziliponya bonde zima. Ng'ombe alizaa Ijumaa. Goti likanyooka. Mgeni wa Hobart akarudi kwao. Baada ya ibada walikuja wote, na bakuli zao, na nyuso zao za msibani, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya kondoo, ingawa kondoo alikuwa amelala mezani ameiva vizuri, na viazi vimemzunguka, na mboga za mavuno, na viti sita vya mwerezi vimeng'aa mpaka unaweza kujiona. Noelene alikuwa ameongeza vya bomba na stuli pembeni kwa waliozidi, akiomba Mungu wasizidi sana.

Mchungaji Semisi Taufa alikuwa mgeni bondeni, Mtonga, mtu mkubwa mwenye moyo mwepesi. Alivisifu viti, akapima kimoja kwa jicho, akaamua kukiamini. Glenys alimshika mkono wa koti.

"Ngoja, Mchungaji. Bibi Elva kwanza."

Wote wakapisha. Bibi Elva alitembea mpaka mezani kwa fimbo yake. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa kiti kimoja, mahali palepale alipopapaka nta Ijumaa zote zile, akafumba macho. Akabaki amesimama hivyo. Alikuwa na kipaji. Inasikitisha kwamba hakuna aliyekigundua mapema.

"Siwezi," alisema. "Nisameheni. Jamani, nipeni stuli."

Pumzi ya watu wote ikatoka kwa pamoja. Glenys alimkumbatia, akampeleka kwenye stuli pembeni ya dirisha, akamkatia nyama iliyo laini. Kisha kila mmoja, kwa upole mkubwa, akajihudumia akaondoka mezani. Walichukua vya bomba, walichukua benchi la barazani, Darcy Maher akageuza kreti ya tufaa akakaa. Waliobaki walisimama ukutani na sahani mkononi.

"Sisi tuko sawa kabisa hapa, Noelene," walisema. "Usijisumbue, mama."

Mchungaji alisimama katikati akiwatazama huku na huku kama mtu aliyeingia kanisani mlango wa nyuma. Akaomba. Alimshukuru Mungu kwa mavuno, na kwa nyumba hii, na kwa udugu. Wote wakasema amina, kisha ikasikika sauti ya vijiko tu.

Noelene alisimama kichwani mwa meza, na kisu cha kukatia nyama bado mkononi. Alijua lililo kweli, na lilikuwa kwenye ulimi wake, fupi, la neno moja: kuni. Aliwatazama mmoja mmoja. Wengine wasingemwamini. Lakini Glenys angeamini. Glenys alikuwa ameiona ile stuli. Hapo ndipo alipomtazama Bibi Elva dirishani, mdogo, amejikunyata juu ya sahani, akila haraka kama mtu aliyejifunza kula kabla hajaitwa kufanya jambo. Bibi Elva naye aliinua macho. Hakuomba kitu. Alitafuna tu, akingoja kuona.

Noelene aliweka kisu chini. Akavuta kiti kimojawapo, akakikalia, peke yake kwenye meza ya watu sita. Kiti kililia kidogo. Akajiwekea nyama, na hakumtazama mtu, na mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cheupe.

Rex alikuwa ukutani kati ya Peart na mzee wa ng'ombe, na sahani yake imejaa. Bwana Peart alikuwa ndiyo kwanza amemwambia kwamba ile pampu inaanza kulia tena, aje Jumatatu aitazame. Rex alisema sawa. Kisha akaitazama sahani yake, akamtazama mke wake kwa nyuma, jinsi mabega yalivyojiweka, na akaondoka ukutani. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Akavuta kiti cha pili, akaketi kando yake.

Vijiko vikanyamaza.

"Rex," alisema Glenys, kwa sauti nzuri, akijisogeza. "Njoo huku. Kwenye benchi kuna nafasi."

"Nimekaa," alisema Rex, na akanyoosha mkono kuchukua viazi, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa karibu navyo.